Sifuri Isiyo na Mwenyewe

Watu wa ofisini kwetu wakikuambia Mama wa Kadi alikuwa mkaidi, waulize, mkaidi kwa nani? Wakikuambia alikuwa na kiburi, kubali tu. Alikuwa nacho, cha kugawia idara nzima na kingebaki. Lakini wakikuambia aliharibu mali ya serikali, usibishane nao, njoo uniite mimi. Meza yangu ya taipu ilitazamana na kabati lake. Hakuna lililosemwa chumbani mle ambalo sikulisikia, na ni machache sana ambayo sikuyadakia.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sitasema. Yeye mwenyewe akiulizwa hayo anajibu, "Kwani unataka kunioa?" Umri wake alikuwa anautaja kufuatana na hali ya hewa. Asubuhi ya baridi, na baridi ya Sumbawanga unaijua, alikuwa bibi kizee anayestahili kukaa karibu na jiko. Jua likichomoza vizuri anakuwa mwanamke wa makamo, tena anayeombwa. Jino moja la mbele hana. Mimi aliniambia liling'olewa na punda. Mhudumu wetu wa chai aliambiwa ni mume. Bwana shamba, kijana aliyeletwa kwetu kutoka Mbeya, aliambiwa ni jiwe lililokuwa kwenye ugali wa ulezi. Wote watatu tuliapa kwamba tumeambiwa ukweli.

Basi mtu huyo huyo, akishafungua kabati, uongo unabaki nje ya mlango.

Nikueleze hilo kabati, maana bila kulijua hutamjua mwenyewe. Ofisi yetu ilikuwa ya mipango. Miaka ile vijiji vilikuwa vinazaliwa kila kiangazi. Watu wanatolewa huko walikotawanyika, wanakusanywa pamoja, kijiji kinapewa jina, na jina linaletwa kwa Mama. Kila kijiji kilikuwa na kadi moja ngumu, yenye matundu pembeni pande zote, na kila tundu lina maana yake. Hili kisima, hili shule, hili zahanati, hili ulezi. Kijiji kikiwa na kisima, Mama anachukua koleo lake na kulikata tundu la kisima mpaka ukingoni, linabaki mwanya. Siku ukitaka kujua ni vijiji gani vina kisima, unapanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano ya kufumia sweta kwenye tundu la kisima, unanyanyua. Zenye mwanya zinadondoka mezani. Zisizo na mwanya zinabaki zinaning'inia. Umeshajibiwa.

Kazi rahisi, utasema. Hata mimi nilisema, wiki ya kwanza. Aliniangalia kama anaangalia kuku aliyeingia kanisani.

"Baba," akaniambia, maana vijana wote alituita baba, "sindano inapita popote. Kazi ni swali."

Swali kwake halikusemwa kwa mdomo. Ukitaka jibu unaandika kikaratasi, na kikaratasi kina sheria. Ukiandika jina la kijiji, unalifunga kwa alama mbili, mwanzo na mwisho. Alama hizo aliziita vifungo. Ndani ya vifungo hakuna mtu anayegusa kitu, jina linabaki kama lilivyosemwa na wenyewe. Namba haifungwi, inakaa uchi, haivalishwi "kama" wala "karibu" wala "na kidogo". Tarehe inaanza mwaka, unafuata mwezi, siku inakuja mwisho, utake usitake. Ndiyo unaandika ndiyo na hapana unaandika hapana, kwa herufi zote, siyo alama ya vema iliyochorwa na mtu aliyekuwa anawahi chai. Hayo yote aliyaita kitu chenyewe. "Taja kitu chenyewe," alikuwa anasema, na neno hilo lilituchosha mpaka tukawa tunamwiga kwenye foleni ya sukari.

Alikuja mgeni mmoja wa chama, mtu mwenye sauti, akaandika kwamba anataka vijiji vikubwa. Mama akamrudishia karatasi yake. Mgeni akasema haina kosa. Mama akamwuliza kikubwa ni namba gani. Mgeni akasema kikubwa ni kikubwa, kila mtu anajua. Mama akamjibu kwamba yeye anajua, na mgeni anajua, lakini sindano haijui, na hapa anayeulizwa ni sindano. Yule bwana alikwenda kumshitaki kwa Mkuu wetu wa ofisi. Mkuu akacheka, akaandika namba yeye mwenyewe, kadi zikadondoka, mambo yakaisha. Wakati ule Mkuu alikuwa bado anacheka.

Sasa sikiliza sheria ya mwisho, maana ndiyo iliyomtoa kazini.

Kadi za namna ile zina ugonjwa wao, na mtu aliyezitengeneza huko alikozitengenezea hakuutibu. Tundu lisilokatwa linasema nini? Linasema kijiji hakina kisima. Sawa. Lakini kama hakuna mtu aliyewahi kwenda kutazama? Tundu halijakatwa vile vile. Asiye na kitu na asiyeulizwa wananing'inia pamoja kwenye sindano moja, na wewe unayehesabu hutawatofautisha. Jambo hilo lilikuwa linamkosesha Mama usingizi, wala sitanii. Akachagua tundu moja la kona, lililokuwa halina kazi, akalipa maana: haijulikani. Kijiji ambacho hakijatazamwa sawasawa kinakatwa kona. Na kabla ya swali lolote, sindano inapita kwanza konani. Zinazodondoka zinawekwa kando, haziulizwi kitu mpaka mtu aende akatazame. Zilizobaki ndizo zinazoulizwa. Na yeyote atakayesema neno juu ya kijiji, iwe kipo, hakipo au haijulikani, jina lake linaandikwa chini ya kadi, ndani ya vifungo.

Neno lenyewe, haijulikani, halifungwi. Karani wetu wa barua hakuelewa hilo. Siku moja akalifunga kwa vifungo vyake viwili safi, na barua ikapigwa chapa na kutumwa kwa Ndugu Mwenyekiti, Kijiji cha "Haijulikani". Aliyeipiga chapa ni mimi, nililetewa hivyo nikapiga hivyo. Barua ilizunguka mpaka Wampembe, ikarudi na maandishi mgongoni kwamba kijiji hicho huku ziwani hakipo, labda mjaribu huko juu kwenye baridi. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akakasirika siku nzima. Kumbe alikuwa anawaza je, kama mwenyekiti fulani angeipokea?

Nilijifundisha taipu mwenyewe, kwa mashine mbovu ya misheni iliyokuwa haina herufi ya k. Shule niliishia darasa la saba. Kwa hiyo mtu akiniambia jambo haliwezekani kwa sababu halijafundishwa, damu inanipanda. Mama hakunifundisha kwa upole, usidhani. Alinigombeza mbele za watu. Alikuwa mchoyo wa sindano yake kuliko mtu na mkewe. Ilipovunjika alimtuma mhudumu kwenye duka la Waislamu pale chini kununua nyingine, wakasema sindano zimeadimika kama kila kitu, wakampa spoki ya baiskeli. Alipoipokea aliinoa kwenye ngazi ya ofisi asubuhi nzima, wageni wakimruka. Kwenye michango ya harusi alikuwa anatoa kidogo na kula sana. Sokoni alikuwa mwongo wa kutupwa, kitu alichonunua kwa bei hii anakuambia bei ile, ili ujione mjinga. Nyumbani kwake anapika kwa kukadiria, chumvi kwa kiganja, maji kwa macho. Nikamwuliza mbona huku hupimi. Akasema, "Ugali ukiharibika nakula mwenyewe."

Hilo ndilo neno lake kubwa, kwangu mimi. Hakulisema kama methali. Alikuwa anasonga ugali.

Na alikuwa na chuki zake. Alichukia barabara ya Msanzi yote, kwa sababu ya kijiji kimoja cha huko ambacho watu wake walimuuzia gunia la maharage yaliyotobolewa na wadudu, juu yake yamepangwa mazuri. Akipita mtu wa kijiji kile ofisini, anamwitikia salamu kwa pua. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema wale watu wakihamishiwa mwezini yeye atawafungia mizigo.

Na ndicho kijiji hicho hicho kilichomponza.

Kilikuwa kimehamishwa mwaka uliotangulia. Watu walitolewa kwenye vitongoji vyao vya zamani, wakawekwa kwenye uwanda mmoja mpya, nyasi tupu. Na Mfipa akipewa nyasi tupu anafanya nini? Kila mtu aliyekulia huku anajua. Mvua ikiwa bado ipo, unageuza majani chini na udongo juu, unatengeneza matuta ya duara, makubwa, yamejaa shamba zima kama vichuguu. Tunayaita ntumba. Yale majani yanaoza humo ndani kiangazi kizima. Mvua inayofuata ndipo unayabomoa, unatawanya udongo umekuwa mweusi kama masizi, unapanda ulezi. Mwaka wa kwanza unakula akiba ya ghalani, na maharage machache uliyochomeka juu ya matuta. Anayekuona mwaka huo anaona mtu asiye na kitu. Chakula chake kimelala chini ya udongo.

Bwana shamba alipita kijiji kile mvua zinaelekea kwisha. Kijana mzuri, mstaarabu, shikamoo yake haikosi. Lakini kwao Mbeya wanalima vingine. Akaona matuta mashamba yote na hakuna suke hata moja la ulezi, akaandika kwenye ripoti yake: ulezi, 0.

Akaileta kwa Mama. Mama akasoma, akashusha miwani.

"Umeona nini huko, baba?"

"Hakuna ulezi, Mama. Nimezunguka kwa miguu."

"Sijauliza ambacho hukukiona. Umeona nini?"

Kijana akafikiri, akasema matuta. Mama akamwuliza matuta ya nini. Akasema labda viazi. Mimi nikacheka kwa sauti, na Mama akanigeukia kwa jicho moja nikameza kicheko changu. Akamwambia kijana vizuri tu, bila kumdhihaki, kwamba sifuri ni jibu. Mtu anayeandika sifuri anasema nimetazama, najua, hakuna. Je, yeye anajua? Kijana sitamdharau, maana wakubwa wengi wangeng'ang'ania. Akaomba kalamu, akapiga mstari juu ya sifuri yake, akaandika pembeni haijulikani, na jina lake ndani ya vifungo. Akasema atarudi kutazama ulezi ukipandwa.

Tungeishia hapo. Lakini kiangazi kikaingia, na kiangazi ndicho msimu wa malori.

Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka ya mwenye kalamu ni mbaya kuliko ya mwenye panga. Alitakiwa na wa juu yake ataje vijiji visivyolima, ili watu wake wahamishwe tena, waunganishwe na vijiji vinavyolima. Alikuwa amepewa malori. Malori hayakai, yakikaa mkoa mwingine unayachukua. Akaja chumbani na wageni, kikaratasi mkononi, kimeandikwa vizuri kwa sheria zote. Vijiji vyenye ulezi sifuri. Mama akafurahi kukiona kilivyo safi. Akapitisha spoki kwenye kona, kadi zisizojulikana zikadondoka, akaziweka kando. Akaanza kupanga zilizobaki.

Mkuu akamwuliza hizo za kando ni za nini. Akamweleza. Mkuu akasema azirudishe, hakuna muda wa haijulikani, kisichojulikana kiandikwe sifuri. Mama akasema hapana. Mkuu akacheka kidogo kwa ajili ya wageni. Akazipekua zile za kando yeye mwenyewe. Kadi ya kile kijiji cha njia ya Msanzi haikuwa humo, kwa sababu Mama alikuwa bado hajaikata. Ripoti ya bwana shamba ilikuwa imebanwa kwenye kadi kwa pini, inasubiri zamu yake. Mkuu akaipata kwenye fungu la kuulizwa, akasoma, akaona sifuri yenye mstari juu yake.

"Hii hapa," akasema. "Sifuri ipo. Nani aliyeipiga mstari?"

Mama akanyoosha mkono, akaichukua kadi vidoleni mwa Mkuu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, taratibu. Akashika koleo, akaikata kona. Kadi ikishakatwa haishoneki. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayevunja karanga, lakini wageni wote waliisikia. Akachukua kalamu, akaandika chini haijulikani, na jina lake, ndani ya vifungo. Akapuliza wino.

Hapo nikasimama. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Nilimwambia Mkuu akalime ntumba siku moja ndipo azihesabu. Nilisema watu wale wakihamishwa sasa, mwaka mzima wa jasho unabaki unaozea fisi, na huko wanakopelekwa wanaanza tena na nyasi tupu, na ghala halina miaka miwili. Mama akaniambia nikae. Nikakaa. Akamwambia Mkuu maneno haya tu:

"Ndugu, mimi wale watu siwapendi. Lakini sifuri hiyo si yao."

Alifukuzwa chumbani wiki ile. Si kazini moja kwa moja, waliandika kwamba asubiri nyumbani. Mimi nilikatwa mshahara kwa ajili ya mdomo, nikaona ni haki, mdomo ulikuwa mkubwa kweli. Bwana shamba akaitwa arudishe sifuri yake. Akakataa kwa adabu, shikamoo na kila kitu, akisema hawezi kuandika kwamba anajua wakati hajui. Wakampeleka Wampembe akasimamie mihogo. Aliniandikia kwamba kule chini ni joto na dagaa ni wengi na yuko salama.

Kwa hiyo Mkuu akabaki na sifuri isiyo na mwenyewe. Kwa sheria za kabati, ambazo yeye mwenyewe alizitia saini siku za kucheka, neno lisilo na jina halihesabiki. Kijana kajitoa. Mama kaweka jina lake kwenye haijulikani. Ilibaki njia moja. Mama akikubali kwa maandishi kwamba alikata kona kwa makosa, na kwamba alimpotosha kijana, basi mstari wa kijana unafutika na sifuri ya kwanza inarudi hai. Nje ya hapo Mkuu angeweza kuandika jina lake mwenyewe. Hakuna aliyemzuia. Kalamu alikuwa nayo.

Kiangazi kikasogea. Mawingu ya kwanza yakaanza kusimama upande wa ziwa. Malori yakaambiwa yaondoke kesho yake asubuhi, kwa jibu lolote. Mkuu akaniita, akanipa karatasi. Ilikuwa na swali moja nililolipiga chapa mimi mwenyewe kwa amri yake: Je, ulilikata tundu lile kwa makosa? Na nafasi ya jibu. Halafu akafunga mlango akasema nami kama mtu na mdogo wake. Alisema hataki Mama aadhirike. Asiandike ndiyo, kama ndiyo inamuuma. Aandike haijulikani. Neno lake mwenyewe, alilolipenda hivyo. Yeye atalipokea kuwa shaka ya kutosha kuifuta kona, Mama atarudi kwenye kabati lake, na mambo mengine atayamaliza yeye.

Niliendesha baiskeli nikiwaza. Nilitaka arudi. Chumba kile bila yeye kilikuwa kimejaa watu wanaoandika "vingi" na "vichache" na alama za vema. Nikajiambia haijulikani siyo uongo. Nani anajua kosa ni nini?

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakandika ukuta, matope mpaka viwikoni, kitambaa kimemshuka kwenye jicho. Nikatoa shikamoo. Akaitikia akaniambia nisisimame kwenye jua lake, linamkaushia ukuta. Alikuwa amekonda. Mfuko wa unga mlangoni ulikuwa umekunjwa chini kabisa, mkunjo wa mtu anayekwangua, na nilijifanya sikuuona. Nikamweleza. Nilieleza yote, malori, kesho, nafasi ya jibu, na lile neno. Aliendelea kukandika. Akiingiza tope kwenye ufa analipiga kwa kiganja, pa, kama anaaga mtu.

"Nani kakutuma na neno hilo?"

"Mkuu."

"Na wewe unasemaje?"

Nikasema ukweli. Nikasema, "Mama, rudi. Andika tu. Ni neno lako."

Akaacha ukuta. Alikwenda kwenye ndoo akanawa, polepole, kidole kwa kidole, mpaka nikataka kupiga kelele. Akajifuta kwenye khanga. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akachukua karatasi, akaisoma midomo ikicheza.

"Umelipiga chapa wewe?"

"Mimi."

"Swali zuri. Linataja kitu chenyewe." Akanyoosha mkono nimpe kalamu. "Baba, lile tundu nilimtobolea asiyejua. Asiyejua apate pa kukaa, asisukumwe. Mimi sina haki ya kukaa pale. Mimi najua."

"Wakikufukuza moja kwa moja?"

"Watakuwa wamenifukuza."

Akaandika. Aliweka karatasi juu ya goti. Hapana. Herufi zote, hakuna vifungo, hakuna kuomba radhi wala kuwasilisha kwa heshima. Chini akaandika jina lake, na hilo akalifunga, mwanzo na mwisho, akakaza alama mpaka nibu ikatoboa karatasi. Akanirudishia, akarudi kwenye ukuta wake. Nilipokuwa napanda baiskeli alinipigia kelele kwamba tairi la nyuma halina upepo, na kwamba mtu mwenye akili angekagua kabla ya kutoka.

Asubuhi niliifikisha. Lori la kwanza lilikuwa limeshawashwa uani, linatetemesha vioo vya ofisi, dereva anakula kiazi juu ya usukani. Mkuu akaisoma. Akaigeuza nyuma, kama anatafuta maneno mengine. Hakukuwa na mengine. Nikaenda kabatini, nikatoa kadi ya kijiji kile, ile yenye kona iliyokatwa, nikaiweka mbele yake, na kadi mpya nyeupe pembeni yake, na kalamu juu.

"Mkuu," nikasema, na kwa mara moja maishani mwangu nilisema taratibu. "Sifuri unaweza kuiandika hapa. Na hapa chini ni pa jina."

Aliishika kalamu. Aliishika muda mrefu, macho kwenye ile nafasi ya chini. Huko nje dereva akapiga honi, mara moja, ya kukumbusha.

Mkuu akaweka kalamu mezani.

"Kamwambie azime gari," akasema.